Jalada Lililokwenda Lenyewe

Jumatano, 24 Desemba. Masakta, nyumbani. Saa kumi na moja jioni.

Mvua ilinyesha mchana ikakatika. Mlima umejifunga wingu kiunoni kama mama anayejiandaa kupepeta, kilele kimebaki juu peke yake kinatuangalia. Mama yuko nje anamfukuza jogoo ambaye amekwisha kuelewa maana ya kesho. Mimi nimekaa kwenye jiwe la nyuma ya nyumba, mahali pekee hapa kwetu penye mtandao, na shuka begani.

Nimetulia. Naliandika neno hilo kwa tahadhari, maana si neno langu.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya Katesh ambayo sitaitaja. Masijala ni chumba cha majalada. Mtu akitaka jalada haingii ndani. Anajaza fomu, anaipitisha kwenye kidirisha, mimi namtafutia. Kila karatasi inayoingia naipa namba kwa wino mwekundu, tunaiita folio, kisha naifunga ndani ya jalada, na ikishafungwa haitoki. Kila jalada lina jina, lina mtendaji anayelishughulikia, na kama kuna jambo linalosubiri, lina tarehe ya kurejewa. Tarehe hiyo ikifika, jalada linapelekwa mezani kwa mtendaji, apende asipende.

Napenda kazi hii. Ndani ya masijala kila kitu kina mahali pake, hata mimi.

Ofisini wananiita Kufuli. Mwanzoni walisema kwa siri, sasa wanaita tu: "Kufuli, naomba jalada la mbolea." Wanasema sicheki. Wanasema nina uso wa mtu aliyekanyagwa. Wanadhani nina kiburi cha chuo.

Naogopa tu.

Nilipokuwa mafunzoni, katika ofisi nyingine mbali na hapa, barua moja ilipotea. Nilisimamishwa ukumbini saa mbili nzima watu wakipita wakinitazama, hadi ilipoonekana kwenye droo ya yule yule aliyekuwa ananifokea. Hakuna aliyesema pole. Tangu siku hiyo nafunga mlango, nahesabu karatasi mara mbili, na uso wangu umejifunza kukaza wenyewe.

Sasa kuhusu Faustini.

Faustini ni bwana shamba wetu. Alihamia Machi. Siku zake nyingi yuko mashambani, Getanuwas leo, Nangwa kesho, akirudi unamsikia tangu getini. Anamsalimia mlinzi, anamsalimia mbwa wa mlinzi, anampa shikamoo kila mtu mwenye mvi hata kama ni mgeni aliyekuja kuuliza choo. Anarudisha majalada yakiwa yamechelewa, yana alama ya kikombe cha chai, yana matope. Juni alirudisha moja lenye harage katikati ya folio ya kumi na nne na ya kumi na tano. Harage zima, jekundu.

Wiki yake ya kwanza alinipitishia fomu hii: "Jalada linaloombwa: Mbegu za alizeti. Sababu: kazi. Kingine: tabasamu moja, kama lipo stoo."

Nikamrudishia. "Jaza upya. Fomu haina safu ya kingine."

"Ndiyo maana nimeichora," alisema, na kweli alikuwa ameichora kwa rula.

Ikawa ndiyo tabia yake. Fomu hizo hutupwa jalada likisharudi. Za wengine nilizitupa. Zake nilizitia kwenye bahasha, nikijiambia ni kwa ajili ya ushahidi, iwapo siku moja nitaamua kumshtaki kwa matope.

Septemba zilikuwa zimefika kumi na moja, pamoja na harage. Nitasema ukweli: karatasi zisizo na jalada zinaninyima raha. Mchana mmoja ofisi ikiwa kimya nilichukua jalada jipya nikazifunga zote kwa mpangilio, kwa wino mwekundu, na harage nikalitia kwenye kibahasha kama kiambatisho cha folio ya sita. Jina: Mambo Mengineyo. Kisha nikaandika ya kumi na mbili, ambayo ni yangu. Naiweka hapa, maana siri yake imekwisha kuisha:

"Kuh: Maombi ya tabasamu. Rejea folio 1, 4 na 9. Afisa masijala anasikitika kwamba maombi haya hayajajibiwa. Sababu si kwamba tabasamu halipo. Lipo. Anachohofia ni kwamba likitoka halitarudishwa kwa wakati, kama majalada mengine unayochukua. Nawasilisha."

Sikukusudia aisome. Lakini mkono wa karani una mazoea yake. Jalada haliwezi kukaa bila mtendaji, nikaandika jina lake. Haliwezi kukaa bila tarehe, nikaandika 23 Desemba, nikidhani hadi Krismasi nitakuwa nimepata moyo, au nimelichoma. Nikaliingiza kwenye daftari la tarehe kama mengine yote. Kisha nikalisukuma rafu ya chini kabisa, nyuma ya majalada yaliyofungwa zamani, nikalisahau jinsi mtu anavyosahau jino bovu.

Katikati ya mwezi huu ikaja barua kutoka Mbulu. Barua zote hupitia kwangu, hata za watumishi, ndiyo maana nilikula kiapo cha kutunza siri. Ilikuwa na aya tatu. Macho yangu yalimaliza ya kwanza, yenye neno uhamisho na jina lake, yakakataa kuendelea. Walikuwa wanamtaka kule awe mkuu wa zao la vitunguu saumu, kuanzia Januari, na walitaka majibu yenye sahihi, nakala halisi, ifike mikononi mwao kabla ya sikukuu.

Nikaigonga mhuri. Nikampelekea. Sikuweza kumuuliza kitu, kwa sababu kwa sheria mimi sikujua kitu.

Alikaa kimya juma zima. Faustini, kimya! Mlinzi aliniuliza kama anaumwa.

Jumatatu asubuhi akaja dirishani na bahasha iliyofungwa. Hakuna utani, hakuna shikamoo Kufuli. "Ipelekwe Mbulu leo, tafadhali," alisema, akaondoka.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuungama, na kesho kutwa itabidi nimwambie padri pia, maana nimekosa foleni ya kitubio ya leo.

Sikuipeleka.

Mimi, ambaye sijawahi kuchelewesha hata tangazo la mnada, niliichukua bahasha ile nikaiweka chini ya kidau cha wino wa mhuri, nikakalia kiti changu na kuendelea na kazi. Nilijiambia: amekubali. Jibu lisipofika watamchukua mwingine, naye atabaki hapa na matope yake. Siku nzima nilitazama kile kidau. Nilipofunga ofisi nilijisikia kama yule mtu mwenye droo.

Jana asubuhi niliamka nikiwa nimeshaamua. Barua si yangu. Hata mtu akitaka kuondoka, mlango wake si wangu kuufunga. Saa moja na nusu nilikuwa stendi ya Katesh na kitabu cha kukabidhi barua kwapani, nikamtafuta kondakta wa basi la Mbulu.

"Naomba usaini hapa, na atakayeipokea naye asaini, unirudishie kitabu jioni."

Alinitazama, akakitazama kitabu. "Dada, mimi nasafirisha mbuzi, nasafirisha mabati, hata maiti nimeshasafirisha. Sijawahi kusainishwa."

"Saini."

"Una mume wewe?"

"Saini, kaka."

"Basi nimeelewa," alisema, akasaini, herufi kubwa kama za bango.

Basi lilichelewa kuondoka na mimi sikubanduka hadi nilipoliona likipanda barabara. Nilirudi ofisini saa nne na nusu, nimelowa matope hadi magotini, mwepesi na mwenye huzuni. Kwa nje nadhani nilionekana nimenuna.

Mama Bura alikuwa ananisubiri mlangoni. Mama Bura ndiye mhudumu wetu, ana miaka mingi pale kuliko mti wa getini, na ndiye mtu pekee ninayemwachia ufunguo wa masijala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusaidia. Nimeona umechelewa, nikafungua daftari la tarehe. Leo palikuwa na jalada moja tu la kupeleka. Nimelitafuta! Nimelikuta kule chini nyuma ya majalada mafu, sijui nani amelitupa huko."

"Umelipeleka wapi, Mama?"

"Kwa aliyeandikwa."

Ndugu zangu, mfumo ulifanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma na kunifurahisha hadi sasa. Miaka miwili nimemfundisha Mama Bura kufuata daftari bila kuuliza, na siku moja tu alipokuwa peke yake, alifuata daftari bila kuuliza.

Nilichungulia chumba cha mabwana shamba. Faustini hakuwepo, alikuwa amefika, amekaa mezani kidogo, kisha ametoka na pikipiki kwenda Nangwa. Jalada halikuwa mezani. Lilikuwa kwenye trei ya kutokea. Nilinyoosha mkono, na wakati huo huo mkono wa Mama Bura ulipita mbele ya wangu, ukabeba trei nzima.

"Za Madam hizi," alisema. "Anataka amalize zote kabla ya sikukuu."

Madam ni mkuu wetu. Anasoma kila kitu kinachotoka mezani kwa watendaji. Anaandika kwa wino wa kijani, maneno machache, na watu wameshalia kwa sababu ya maneno hayo machache.

Nilijifungia masijala nikakaa juu ya kile kigoda cha kupandia rafu. Nilijiona nikirudi Masakta na sanduku. Nilimwona Baba, ambaye aliuza fahali ili mimi nisome kutunza karatasi, akisikia kwamba nimefukuzwa kwa sababu ya karatasi. Jioni kondakta alinirudishia kitabu kwa mtoto wa stendi, sahihi zote mbili zipo. Hata hilo halikunipa nguvu ya kula. Usiku wa jana siuelezi.

Leo ilikuwa nusu siku. Nilifika kabla ya mlinzi hajafungua geti. Jalada lilikuwa mezani kwangu, limewekwa sawa, pembe kwa pembe.

Nililifungua nikiwa nimesimama.

Chini ya folio yangu kulikuwa na mwandiko wa Faustini, ule unaoinama kama mtama uliopigwa na upepo: "Nimesoma folio 1 hadi 12 pamoja na kiambatisho. Kumbe harage lilikuwa huku, nimelitafuta sana, ni mbegu ya utafiti. Kuhusu hofu ya afisa masijala, ni ya haki kabisa, na naahidi kujirekebisha. Naomba kuja kulichukua tabasamu mwenyewe, nyumbani kwao, siku ya pili ya Krismasi, kama wazee wataridhia. Madam, naomba radhi, jalada limekuja na daftari, na mimi sijui kutojibu jalada."

Na chini ya hayo, kijani:

"Jalada hili silitambui. Lifungwe leo kabla ya saa sita. Wahusika waendelee na mawasiliano nje ya ofisi, kwa mdomo. Harage lirudishwe kwa bwana shamba. Krismasi njema."

Nilisoma mara tatu, nikitafuta mahali nilipofukuzwa. Hapakuwepo.

Ndipo nikasikia kidirisha kinagongwa. Alikuwa amevaa shati safi, jambo ambalo nusura linifanye nisimtambue.

"Kufuli. Ile barua yangu ilifika?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli. Lakini uongo wenye mhuri bado ni uongo. Nikamwambia yote. Kwamba Jumatatu haikwenda. Kwamba niliikalia siku nzima kwa makusudi, kwa sababu sikutaka aende. Kwamba jana niliipeleka kwa mkono wangu, na sahihi hizi hapa. Nilisema nikitazama kile kitabu, si yeye.

Nilipoinua macho uso wake haukuwa na kicheko chochote, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba na wengine hukaza uso wanapoogopa.

"Unajua ndani kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Umekubali."

"Nimekataa."

Nilikifunga kile kitabu.

"Hukusoma aya ya tatu? Wewe? Asiyejibu hadi jana anahesabiwa amekubali. Ungeikalia siku moja zaidi, Januari ningekuwa Mbulu natoa machozi ya vitunguu saumu."

"Niliishia aya ya kwanza," nilisema.

"Karani mzima!"

"Karani mzima."

"Na mimi nilinyamaza juma zima nikijiuliza nakataa ukubwa kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya dirisha? Dirisha lenyewe linanifokea?" Akatikisa kichwa. "Ungeniudhi sana, dada yangu. Bado umeniudhi kidogo. Nitapona ifikapo Ijumaa."

Ndipo akacheka, na mimi nikacheka. Sikuamua. Kicheko kilitoka chenyewe kama lile jalada, na Mama Bura aliyekuwa anadeki ukumbini aliacha kudeki.

"Mungu wangu," alisema, "ana meno mazuri hivi!"

Nikamkabidhi Faustini harage lake. Alisaini.

Saa tano na dakika arobaini nililifunga jalada, kama nilivyoagizwa. Hii nayo ina kanuni yake: jalada linapofungwa, juu ya gamba unaandika kwamba limefungwa, unaweka tarehe, na unaonyesha mambo yake yanaendelea wapi, ili atakayekuja baadaye asihangaike. Kwa kuwa ofisi hailitambui, nililiweka kwenye mkoba nikaja nalo.

Hapa nyumbani nilimwambia Mama kwamba keshokutwa kuna mgeni. Aliacha kuku.

"Mgeni wa aina gani?"

"Wa ofisini."

"Wa ofisini anafuata nini Masakta siku ya pili ya Krismasi? Amepotea?"

"Hajapotea, Mama. Ameomba ruhusa kwa maandishi."

Akamwita Baba aliyekuwa zizini, kwa sauti ambayo hadi majirani watakuwa wameisikia: "Baba! Yule mbuzi wa kahawia usimuuze!" Baba akajibu kutoka kule kwamba hakuwa na mpango wa kumuuza. Mama akasema, "Basi usianze!"

Sasa hivi anaimba. Jogoo naye amepata nafuu ya siku moja zaidi, maana mipango yote ya nyama imebadilika.

Bado naogopa, sitawadanganya. Naogopa Baba atamuuliza Faustini maswali, naogopa atachelewa kama anavyochelewa na kila kitu, naogopa Januari nitakaporudi dirishani na wote wanajua nina meno. Lakini hofu hii siyo ile ya ukumbini. Ile ilinifanya nifunge mlango. Hii imenifanya nikamuulize Mama kama tuna vikombe vya kutosha.

Jalada liko hapa gotini. Nimemaliza kulijaza sasa hivi, kwa wino mwekundu, nikihakikisha matone ya mti ulio juu yangu hayalifikii.

Limefungwa: 24 Desemba. Linaendelea: Masakta, Ijumaa, saa nne asubuhi.

Je, atafika kwa wakati?